Kamba ya Kadi Uani

Nilisikia mkasi kabla sijaona kitu. Ulikuwa unakula kitu kigumu kuliko kitambaa na laini kuliko bati, polepole, ukitua mwishoni mwa kila mkato kama mtu anayevuta pumzi. Alfajiri ilikuwa bado nyeusi, umeme wa Kilindoni ulikuwa umekatika kama ilivyokuwa desturi yake, na upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu. Nikalala nikisikiliza. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, na katika mambo niliyokwisha kujifunza kuhusu mke wangu hapakuwa na hili la kuamka kukata vitu gizani.

Nilipotoka na kurunzi nilimkuta ameketi kwenye mkeka ukumbini, amezungukwa na karatasi za manila, zile ambazo walimu tunachorea ramani ya Afrika na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kisha tukabandika ukutani. Alikuwa anazikata vipande vya ukubwa wa karata.

"Umeamka," akasema.

"Unakata nini?"

"Maneno."

"Gizani?"

"Kukata hakutaki taa. Kuandika ndiko kunakotaka, na taa unayo wewe. Kaa hapa."

Nikakaa, nikamshikia kurunzi. Ndivyo nilivyopata habari kwamba mke wangu ameamua kwenda kusoma.

Sote wawili tulikuwa watu wa bara tulioletwa Mafia na kazi. Mimi nilifundisha Kiswahili sekondari. Yeye alikuwa mtumishi wa hifadhi ya bahari. Kazi yake ilikuwa kuzama na kuhesabu matumbawe, kuibuka na kuandika alichohesabu, kisha kwenda kukaa vikao na wavuvi waliotaka kujua kwa nini matumbawe yanahesabiwa na wao hawahesabiwi. Kulikuwa na chuo ng'ambo, Marekani, kilichofundisha mambo hayo hayo kwa shahada ya uzamili, na kulikuwa na ufadhili. Profesa mmoja wa huko alikwisha kumwandikia kwamba wanamtaka. Kilichobaki ni mtihani wa kuingilia.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ya hesabu haikumtisha. Ya pili ilikuwa ya maneno, wala hayakuwa maneno ya bahari. Nilipitia kitabu chote cha mazoezi alichoazima kwa mtafiti mmoja, sikukuta samaki hata mmoja. Yalikuwa maneno ya tabia za watu: wanaosema sana, wasiosema kabisa, wanaojipendekeza, wanaonuna bila sababu, wanaosifu ili wasifiwe. Chuo kilitaka kujiridhisha kwamba kabla mtu hajaruhusiwa kuhesabu matumbawe kwa kiwango hicho, anaweza kumtaja mnafiki kwa Kiingereza kwa namna kadhaa asirudie neno.

Mtihani ulifanyika kwenye kompyuta, Dar es Salaam, na kabla ufadhili haujafungwa palikuwa na nafasi moja tu ambayo angeweza kuiwahi. Akishinda, anakwenda. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na ofisini kwake walikwisha kumwambia kwamba ruhusa ya masomo haiwekwi akiba kwa mwaka unaofuata. Tulilielewa jambo hilo vizuri, kwa hiyo hatukulizungumza tena. Tulizungumza kuhusu manila.

Kila kadi ilikuwa na neno la Kiingereza upande mmoja na maana ya Kiswahili upande wa pili. Maana niliziandika mimi, kwa mwandiko wa ubaoni, na niliona fahari kidogo. Tulitoboa kila kadi kwa msumari, lakini kuziweka zote kwenye uzi mmoja kulizifanya ziwe furushi, na furushi halisomeki. Mke wangu akazibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo uani, safu moja ndefu, ili aweze kuzipitia akienda msalani, akirudi kisimani, akisubiri maji yachemke. Kadi ambayo imeingia kichwani ingeshuka na kuwekwa kwenye kopo la maziwa. Siku kamba itakapobaki tupu, atakuwa tayari.

Hatukuwa tumemuuliza mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mzaliwa wa Chole aliyeolewa Kilindoni, na nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe. Yeye alikaa upande wa kulia wa ukumbi, sisi tulipanga upande wa kushoto, na ua ulikuwa wetu sote. Tulimwita Bibi. Kutwa nzima alisuka ukili, zile tepe ndefu za ukindu zinazoshonwa kuwa mkeka. Alikuwa anasuka akipika, akisikiliza redio, akigombana na jirani juu ya ukuta, na mikono yake haikuonekana kuwa na habari na mazungumzo yanayoendelea juu yake.

Asubuhi ile alitoka na beseni la nguo, akasimama mbele ya kamba.

"Shikamoo Bibi," mke wangu akasema.

"Marahaba mwanangu. Nguo zangu nianike wapi? Kamba imejaa Kizungu."

Mke wangu akamweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka beseni chini, akageuza kadi ya kwanza, akasoma upande wa Kiswahili akiwa ameisogeza mbali na macho.

"Bahili mno," akasoma. "Haya, jibu."

Mke wangu akafikiri.

"Nani bahili mno?" Bibi akauliza.

"Bibi, mtihani hautaji mtu. Unataja neno tu."

"Neno tu utalishika wapi? Halina masikio. Bahili mno ni yule wa duka la kona. Anapima sukari huku amebana pumzi, punje isije ikaruka upande wako. Umemwona?"

"Nimemwona," mke wangu akasema, akaanza kucheka.

"Kwa Kizungu anaitwaje?"

"Parsimonious."

"Basi. Ukimwona yeye, useme hilo. Toa kadi yake nianike kanga."

Hivyo ndivyo maneno yalivyopata wenyewe. Kila alasiri mke wangu aliporudi kazini, Bibi aliburuta kigoda chake mpaka chini ya kamba, akasuka kwa mikono na kutahini kwa mdomo. Hakusoma maana kama nilivyoiandika. Aliisoma kimya, akatazama mbinguni kidogo, kisha akataja mtu. Kazi ya mke wangu ilikuwa kumgeuza mtu huyo kuwa Kiingereza.

"Yule karani anayecheka kabla mkubwa hajamaliza kusema."

"Obsequious."

"Shemeji yangu wa Chole, aliyeambiwa na daktari, na mtoto wake, na mimi, na bado."

"Obdurate."

"Umeme."

"Ephemeral."

Nilikuwa na kitabu kizima cha mbinu za kukumbuka msamiati, chenye sura juu ya mizizi ya Kilatini. Nilikifungua mbele yao siku moja. Bibi aliniuliza kama Walatini hao ni watu wa wapi, nikamjibu kwamba walikwisha, akasema Mungu awarehemu, na kazi ikaendelea.

Kutembea mjini na mke wangu kulianza kuwa na uzito mpya. Tulikuwa tukienda sokoni, tunasalimiana na watu kama inavyopasa, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na mara tu mtu akitupa kisogo namsikia ubavuni mwangu akinong'ona neno. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anadurusu. Wapo watu wa heshima kabisa wa Kilindoni ambao mpaka leo siwezi kuwaona bila kulisikia lile neno likiwafuata nyuma kama paka.

Jambo hilo halikuweza kufichika, kwa sababu lilikuwa linafanyika uani, na ukuta wa ua ulikuwa wa makuti. Mama aliyeuza vitumbua alikuja siku moja akakaa bila kualikwa.

"Nasikia nimo kwenye mtihani wa Marekani," akasema.

"Umo," Bibi akajibu bila kuinua macho.

"Mwanangu, nimo kweli?"

"Umo, mama," mke wangu akasema.

"Nimo kwenye nini?"

Ile kadi ilikuwa juu ya kichwa chake, inacheza na upepo. Upande wake wa Kiswahili nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe: mtu wa maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu.

"Kwenye herufi G," mke wangu akasema.

"Ni nzuri hiyo?"

"Ni ya mwanzo mwanzo."

Mama wa vitumbua aliridhika. Alituambia kwamba hata shuleni alikuwa wa mwanzo mwanzo, na kwamba kama si kuolewa, na kama si yule mwalimu aliyehamishiwa Rufiji, na Rufiji yenyewe si unaijua, dada yake alikwenda kule akarudi na mtoto na baiskeli, baiskeli yenyewe haina mnyororo, basi angefika mbali. Alikaa mpaka adhana. Alipoondoka mke wangu aliitoa kadi kwenye kamba, akaitia kwenye kopo. Hakuihitaji tena.

Zile zilizokuwa ngumu alikwenda nazo kazini mfukoni, amezivalisha selotepu zisilowe. Siku waliyokwenda Jibondo kwenye kikao cha nyavu, boti ilisubiri maji yajae, naye akazitoa akaanza kuzisoma kwa sauti ya chini. Wavuvi waliokuwa wamepewa lifti wakadhani ni majina ya samaki kwa Kizungu, wakaanza kumfuatisha kwa pamoja, kama madrasa. Mmoja akauliza neno lile walilolisema sasa hivi ni samaki gani.

"Si samaki. Ni mtu anayependa kuchokoza ugomvi."

"Na lile la kwanza?"

"Mtu anayejifanya mwema."

"Ahaa," yule mvuvi akasema. "Kumbe ni mtihani wa umbea. Ungesema mapema tukuletee mama mkwe wangu akufanyie."

Aliponisimulia alikuwa anakwaruza chumvi kwenye mikono yake kwa kucha, kama afanyavyo kila akitoka baharini. Nilimtazama. Niliwaza kwamba kuna mji mahali fulani, wenye baridi, ambao watu wake watamwona akiukwaruza mkono wake hivyo na hawatajua anatoa nini.

Na mimi nilikuwamo kwenye kamba. Sikuambiwa. Niliigundua kadi hiyo kwa sababu kila nilipotokea uani Bibi alikuwa akinyanyua kidevu kunielekea, na mke wangu akijibu neno moja harakaharaka, wakaendelea na nyingine. Neno lilikuwa *dilatory*. Niligeuza kadi nikasoma mwandiko wangu: mtu wa kesho.

"Huyu ni mimi?" nikauliza.

"Bawaba ya mlango wa msalani," Bibi akasema.

"Nitaitengeneza, Bibi."

"Lini?"

Mke wangu akainamia sufuria. Nilikuwa na hoja kadhaa za kujitetea na nilizipanga vizuri kichwani, lakini wanafunzi walikuwa wananisubiri, nikaona ni afadhali nizitoe siku nyingine.

Wiki zikapita na kamba ikazidi kupungua. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kumwona mke wake akiondoka kidogo kidogo kwa namna hiyo. Mwanzoni ua ulikuwa umejaa. Upepo wa mchana ukiingia kadi zote zilipiga makofi madogo, nami nikirudi kutoka shuleni nilizisikia tangu barabarani. Kisha zikawa nusu. Kisha yakawa mapengo, na kwenye mapengo Bibi akaanika kanga zake, na kanga zikaongezeka. Nilifurahi kila kadi iliposhuka. Nilimpongeza. Halafu nilikuwa najikuta nimesimama peke yangu mbele ya zilizobaki, nazihesabu bila kuzisoma. Nilitaka apite. Nilitaka pia paendelee kuwa na kitu kwenye kamba. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja bila kusumbuana, kama wapangaji wawili wanaotumia ua mmoja.

Siku ya safari ikafika. Boti ya kwenda Nyamisati ilikuwa iondoke asubuhi na maji, na kutoka Nyamisati angepanda gari mpaka Dar es Salaam, alale kwa shangazi yake, mtihani kesho yake. Nilikuwa na zamu shuleni, kwa hiyo tuliagana ukumbini. Bibi alimshika mikono miwili, akamwombea dua ndefu. Mke wangu akaitikia amina ya Kikristo, Bibi amina ya Kiislamu, nami nikaitikia zote. Akatoka na begi lake mgongoni.

Nilirudi chumbani kutafuta viatu. Juu ya meza ilikuwepo pasipoti yake.

Pasipoti ile ndiyo ilikuwa kitambulisho cha mtihani. Maelekezo yalisema hivyo kwa herufi kubwa: bila pasipoti mtu haingii chumba cha mtihani, wala hapangiwi siku nyingine. Niliinyakua, nikakimbilia mlangoni na malapa. Yeye alikuwa bado anaonekana, kule mbele kwenye barabara ya mchanga, begi la bluu likipanda na kushuka. Nikafungua mdomo.

Bibi akanishika ukosi wa shati kwa nyuma.

"Usimwite."

"Bibi, kasahau pasipoti."

"Nimeiona. Usimwite. Msafiri haitwi nyuma. Ukimwita akageuka, safari umeivunja wewe."

Mimi siamini mambo hayo. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa Mkristo, na mke wangu alikuwa mwanasayansi. Lakini niliona kwa uwazi kabisa namna itakavyokuwa. Akifeli, hakuna atakayesema kwamba amefeli kwa sababu ya maneno. Bibi hatasema lolote. Ataendelea kusuka. Na mimi nitakuwa ndiye niliyemwita, kila siku, kwa muda wote utakaobaki wa ndoa yetu.

"Nifanye nini?" nikasema.

"Kwani mbele yake kumefungwa? Mzunguke. Umtokee kwa mbele umpe, kama mtu mliyekutana."

Ikaonekana ni jambo la akili. Nikaingia kichochoro cha nyuma ya msikiti. Nikakimbia na malapa katikati ya soko la samaki, nikiwa nimeinua pasipoti juu ili isipate majimaji, na watu wakanipisha kwa adabu wakidhani nina mgonjwa. Mwenye duka la kona aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikasema hapana, akasema alhamdulillahi, akaniambia nisimame ninunue kitu basi. Nilitokea barabara ya gati nikiwa sina pumzi, nikashuka mpaka kwenye boti. Hakuwepo. Nilikuwa nimemtangulia. Nikasimama mahali ambapo lazima angepita, nikafuta jasho, nikajiandaa kuwa mtu tuliyekutana.

Boti ilikuwa inapakia nazi. Karani wa boti alinijua, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mdogo wake.

"Mwalimu, unasafiri?"

"Namsubiri mke wangu. Ndiye anayesafiri."

"Mbona pasipoti unayo wewe?"

"Nataka kumpa akifika."

"Hamkai nyumba moja?"

Magunia ya nazi yakaendelea kupita. Abiria wakaendelea kupita, na kila begi la bluu lilinipa tumaini, mpaka likakaribia likawa na mtu mwingine chini yake. Simu yangu ilikuwa nyumbani kwenye chaji. Karani akaanza kuita majina.

Yaliyokuwa yakitokea upande wa pili niliyajua baadaye. Mke wangu alipofika karibu na njia panda aliupapasa mfuko wa begi, akakuta hauna pasipoti. Yeye hakuitwa na mtu. Aligeuka tu mwenyewe akarudi nyumbani kwa njia ile ile aliyojia, huku mimi napenya soko la samaki. Akamkuta Bibi ameketi kizingitini.

"Anayo mumeo," Bibi akamwambia. "Yuko mbele yako."

"Mbele wapi?"

"Gati. Katangulia ili asikuite."

Mke wangu akapiga simu yangu. Ikalia mezani nyuma ya Bibi. Akageuka akimbie, Bibi akamwambia asijaribu. Msafiri aliyerudi amekwisha kuivunja safari kwa mguu wake mwenyewe, na hawezi kuokota kipande kilichovunjika akaendelea nacho. Lazima akae chini kama mtu aliyefika nyumbani, anywe maji, apumzike, kisha aondoke upya, na aondoke kwa mlango mwingine, wa uani, ili iwe ni safari nyingine.

"Bibi, boti itaniacha."

"Kaa."

Nilimuuliza baadaye kwa nini alikaa, yeye ambaye kazi yake yote ni kuandika kile tu alichokiona kwa macho. Akasema hakuona njia ya kuupita ule mlango wa uani bila kwanza kupita ukumbini, na ukumbini ndiko kulikokuwa na Bibi. Basi akakaa kwenye mkeka na begi mgongoni. Bibi akamletea maji kwenye kikombe cha bati, na maadamu amekaa, akamtahini kadi za mwisho zilizokuwa zimebaki kwenye kamba. Mbili alizipata. Moja hakuipata. Bibi akarudia kumtaja mwenye neno hilo, taratibu, na jinsi anavyotembea, mpaka akaipata. Ndipo akamfungulia mlango wa uani.

Mimi gatini nilikwisha kufikia hatua ya kuzungumza na Mungu kuhusu injini. Nilimwomba ikatae kuwaka. Sijui kama ndilo lililosaidia au ni kwamba boti ile haikuwahi kuondoka kwa wakati tangu iletwe, nayo haikuona sababu ya kubadili tabia siku hiyo. Nahodha alikuwa bado anakunywa chai. Karani alikuwa ameita jina lake mara ya mwisho, akaita tena mara ya mwisho nyingine kwa ajili yangu, na ndipo nikaliona begi la bluu likitokea kwenye njia ya mashambani, upande ambao hakuna mtu anayekuja gatini kutoka huko. Alikuwa anakimbia na mbigili zimemjaa kwenye gauni.

Nikampa pasipoti. Akapanda, akakaa juu ya nazi. Boti ilipojitenga na gati alinipungia pasipoti badala ya mkono.

Matokeo ya mtihani ule hayasubiriwi. Kompyuta inamwonyesha mtu palepale anapomaliza. Kesho yake saa saba nilikuwa nimesimama nje ya darasa la kidato cha pili, nimewapa kazi ya kuandika insha, na safari hii nilikuwa na simu mfukoni. Ikaita.

"Nimepata," akasema.

"Umepata nini?"

"Walichotaka. Na kidogo zaidi."

Nikakaa kwenye ngazi. Wanafunzi wakaanza kunichungulia dirishani.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Mwenye duka alitoka. Swali la mwanzo kabisa. Niliposoma nikamwona na mzani wake, nikacheka, msimamizi akaja kunitazama."

"Na mama wa vitumbua?"

"Hakutoka."

"Asiambiwe."

Bibi nilimpa habari jioni. Alisema alhamdulillahi, akamaliza duru aliyokuwa akisuka, kisha akavaa baibui akaenda mpaka duka la kona kumwarifu yule bwana kwamba ametoka kwenye mtihani wa Marekani. Mwenye duka alifurahi mno. Hakuuliza ametoka kama nani. Alimpa Bibi kiberiti cha bure, jambo ambalo Bibi alilisimulia kwa miezi, kwa huzuni kidogo, kana kwamba mtu huyo alikuwa ameharibu kadi nzuri.

Barua ya chuo ikaja, na viza, na koti zito la mitumba ambalo lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba likinuka nyumba za watu wengine. Tulikuwa na miezi michache na tuliitumia kama watu wanavyoitumia. Tulinunua kuni. Tuligombana kuhusu dagaa. Usiku alikuwa akinipa mguu wake wa baridi nimpashe moto, nami nampashia, tukijua wote kwamba kule anakokwenda miguu yake haijaona kitu bado. Shahada ile ni ya miaka miwili. Ilikuwa hesabu rahisi, na yeye alikuwa hodari wa hesabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya kwa sauti.

Safari hii alikwenda kwa ndege. Gari la ofisini lilikuja kumchukua asubuhi, likasimama nje linanguruma. Nilitaka kumsindikiza mpaka uwanjani, akakataa. Akasema akiniona nimesimama kwenye ule uzio atashuka.

"Gesi imebaki nusu," akasema.

"Najua."

"Bibi dawa zake za presha anazificha kwenye mtungi wa mchele ili aseme zimekwisha. Uzitazame."

"Nitazitazama."

"Ule kwa wakati."

"Nitakula."

Alikuwa amevaa lile koti kwa sababu halikuingia kwenye begi, na jasho lilikuwa limekwisha kumtoka juu ya mdomo. Nililifuta kwa kidole gumba. Akanitazama kwa muda, kama anavyotazama kitu kabla hajakiandika. Dereva akapiga honi, si kwa ubaya. Akambusu Bibi mkono, akainama kuchukua begi, akavuka kizingiti, akapita kwenye jua akaingia garini, mlango wa gari ukagonga.

Nilibaki nimesimama pale. Vumbi la gari likarudi taratibu likaingia mpaka ukumbini.

"Funga mlango, mwalimu," Bibi akasema nyuma yangu. "Kuku wanaingia."

Nikafunga.